Jua, Chuma na Kokoto: Tuilinde Reli Yetu

Mazungumzo na wakazi wa Kaloleni, Kisumu



Kila mmoja wetu amewahi kuketi nyumbani saa saba mchana akasikia mabati yakilia juu: ta, ta, ta. Hakuna anayerusha mawe. Ni bati linapanuka kwa joto. Jioni hulia tena kwa sababu linanywea. Reli nayo ni chuma, na hufanya vivyo hivyo kila siku.

Tufanye hesabu. Jua likiwa kali, reli inaweza kuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya hewa. Hewa ikiwa nyuzi 30, chuma kinafika 50. Alfajiri kilikuwa karibu nyuzi 20. Tofauti hiyo ya nyuzi 30 inataka kurefusha kila kilomita ya reli kwa takriban sentimita 36. Urefu huo utaenda wapi?

Waliojenga reli iliyofika hapa Desemba 1901, mji wetu ukiitwa Port Florence, walilijua jambo hili. Reli ya aina hiyo huwekwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande huachwa upenyo mdogo. Ndiyo maana gurudumu la treni hugonga likipita. Upenyo ule ndio nafasi ya chuma kupumua.

Lakini upenyo peke yake hautoshi. Reli imefungwa kwenye mataruma, na mataruma yameshikwa na kokoto. Kokoto zikipungua, chuma kilichopanuka husukuma upande ulio dhaifu, na reli hupinda kama nyoka. Treni iliyobeba mzigo haisimami papo hapo. Dereva akiona reli imepinda, huenda amechelewa.

Hata nchi za baridi zimeyaona haya. Julai 2022, joto lilipopita nyuzi 40 nchini Uingereza, reli zilipinda mahali fulani, treni zikapunguzwa mwendo na njia nyingine zikafungwa. Huko hupaka reli rangi nyeupe katika sehemu zenye hatari ili zisishike joto sana. Hata hivyo, rangi haiwezi kufanya kazi ya kokoto.

Sasa tuje kwetu. Mtu anajenga, anachukua ndoo moja ya kokoto kando ya reli. Anasema, ndoo moja itapunguza nini? Jirani naye anachukua yake. Mwingine anamwaga taka juu ya kokoto. Maji yanakosa njia, tope linajaa, na mawe hayashikani tena. Wa tatu anafungua boliti akauze chuma chakavu. Hakuna kati yao aliyetaka kuua mtu. Lakini treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021, na ndani yake huwa mna mama zetu na watoto wetu.

Mtauliza, kazi hii ni ya nani? Reli iko chini ya Shirika la Reli la Kenya, na hiyo ni Serikali ya Kitaifa. Lakini Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia maji ya mvua mijini. Kwa hiyo mtaro ukiziba kando ya reli, au taka zikirundikana, tudaini sisi. Hilo ni deni letu.

Nanyi tunawaomba mambo manne. Msichukue kokoto wala boliti. Msimwage taka kwenye njia ya treni. Waambieni watoto wasicheze hapo. Na ukiona reli imepinda au kokoto zimesombwa na mvua, usijaribu kurekebisha, wala usisubiri kesho. Mjulishe mkuu wa stesheni, chifu au polisi mara moja, na ueleze mahali penyewe.

Jua hatuwezi kulizuia. Kokoto tunaweza kuziacha mahali pake.