Pesa za Kikundi Zikivuka Mpaka

Hotuba kwa vikundi vya akina mama na vijana wanaofanya biashara ng'ambo

Tumeombwa tuzungumze juu ya pesa na safari za nchi za nje. Kwa kuwa wengi walio hapa ni watu wa kununua maharagwe na mahindi Uganda, ama mchele na vitunguu Tanzania, hatutazungumza juu ya safari za ndege. Tutazungumza juu ya ile safari ya Busia, Malaba, Namanga, Taveta na Lunga Lunga, ambapo mtu huondoka alfajiri akiwa na pesa za watu ishirini kwenye mkoba mmoja.

Hebu tuanze na huyo mwenye mkoba. Akitoka nyumbani kila mtu humwambia, "Safari njema, angalia pesa vizuri." Sawa, yeye ataangalia pesa. Je, yeye ataangaliwa na nani? Pesa zikipotea kikundi kimepata hasara, hilo ni kweli. Lakini pesa hutafutwa tena. Jina la mtu likishaharibika sokoni na kijijini, halirudishwi kwa mchango. Tumeona vikundi vikivunjika, na mara nyingine havikuvunjwa na wizi wenyewe. Vilivunjika kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama kulikuwa na wizi. Huyu asema aliibiwa, wale wasema alikula, na hakuna karatasi hata moja ya kuwaamua.

Kwa hivyo kila tahadhari tutakayotaja leo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumzuia mwizi. Ya pili ni kumlinda aliyebeba pesa asije akashukiwa bure.

Kabla ya kuondoka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kazi ya kwanza ni daftari. Siku moja kabla ya safari, mweka hazina na wale wanaosafiri waketi pamoja na mshahidi mmoja. Pesa zihesabiwe mezani mara mbili, na watu wawili tofauti. Kisha iandikwe: tarehe, jumla ya pesa, zinakwenda kununua nini, na nani anazichukua. Wote watie sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Hii si dharau kwa mtu yeyote. Hata kati ya ndugu, hesabu huandikwa.

Jambo la pili ni pesa za msafiri mwenyewe. Nauli yake, chakula chake na malazi yake yajulikane mapema na yawekwe kando. Pesa za kikundi zikichanganywa na zake mfukoni, jioni hawezi kueleza soda ilinunuliwa na zipi. Hapo ndipo maneno huanza, na mara nyingi huanza kwa shilingi hamsini tu.

Jambo la tatu ni gumu, lakini lisemwe kabla na si baada. Pesa zikiibwa njiani, nani atalipa? Kikundi kikubaliane na kiandike. Wengi wameona ni haki kwamba aliyefuata masharti yote ya kikundi asilipishwe peke yake. Hasara iwe ya wote. Aliyekiuka masharti, kwa mfano aliyesafiri usiku peke yake wakati ilikubaliwa waende wawili mchana, huyo ana la kujibu. Kila kikundi kiamue chenyewe, lakini kiamue kabla basi halijaondoka.

Na waende wawili. Mmoja akienda kujisaidia, mwenzake yuko na mizigo. Mmoja akihesabu, mwenzake anaangalia. Na wakirudi, kuna midomo miwili ya kueleza habari.

Si lazima zote ziwe noti

Zamani hapakuwa na njia nyingine. Mtu alifunga noti kwenye leso akafunika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mambo yamebadilika, na tangu mwaka 2015 imewezekana kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya hadi M-Pesa ya Tanzania. Kutuma kwenda Uganda pia kunawezekana. Tena baadhi ya benki zetu, kama KCB na Equity, ziko Uganda na Tanzania pia.

Basi fikirini kugawa. Sehemu ibaki kwenye simu ama benki, na sehemu iwe noti mkononi za kuanzia kazi. Tukipatwa na mwizi, achukue sehemu tu, asichukue msimu mzima.

Lakini simu nayo ina mambo yake. Kwanza, uliza gharama mbili: ada ya kutuma, na kiwango cha kubadilisha. Ada inaweza kuwa ndogo huku kiwango kikiwa kibaya, na wewe unafurahi bure. Pili, jaribu kwa kiasi kidogo kabla ya kutuma kikubwa. Tatu, usimtumie muuzaji pesa yote kabla magunia hayajapimwa na kupakiwa. Pesa ikishaingia katika simu ya mtu wa ng'ambo, kuirudisha ni kazi kubwa. Nne, namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu wala kwenye kipande cha karatasi ndani ya mkoba uleule. Na asiambiwe ajenti, hata akiwa mpole namna gani.

Mahali pa kubadilisha

Sasa tufike mpakani. Ukishuka tu kwenye matatu utawasikia: "Mama, chenji! Chenji hapa, bei nzuri!" Wamekuzunguka, mmoja ana bunda la noti, mwingine ana kikokotoo. Kumbukeni ule msemo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye duka lenye leseni hakukimbilii barabarani.

Hebu tufanye hesabu, na hii ni mfano tu, si bei ya leo. Tuseme kikundi kina shilingi 120,000 za Kenya, na shilingi moja yetu inapata shilingi 28 za Uganda. Hizo ni shilingi 3,360,000 za Uganda. Mtu akikupa 27 badala ya 28, utaona ni tofauti ya shilingi moja tu. Lakini umepoteza shilingi 120,000 za Uganda, yaani zaidi ya shilingi 4,200 za kwetu. Hiyo ni nauli ya watu kadhaa. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka nyumbani, ulizeni kiwango cha siku hiyo benki ama kwenye simu, mkiandike kwenye karatasi. Pigeni hesabu wenyewe kwa simu yenu. Kikokotoo cha mtu mwingine msikiamini, kuna vilivyochezewa.

Kuna ujanja mwingine wa zamani ambao bado unawapata watu. Anakuhesabia, unahesabu, unaona zimepungua kidogo. Unamwambia. Anasema, "Pole mama, nipe niongeze." Anazichukua, anaongeza noti moja juu ukiona, na chini anatoa tano usione. Mara mwenzake anapiga kelele, "Polisi hao!" Kila mtu anatawanyika, nawe unaweka bunda mfukoni bila kuhesabu tena. Dawa yake ni hii: pesa zikirudi mikononi mwake, zihesabu tena zote kuanzia mwanzo. Akikuharakisha, mrudishie zake na uchukue zako.

Afadhali mbadilishe benki ama kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, ndani, mezani, na mpate risiti. Tanzania kubadilisha fedha bila leseni ni kosa. Na ile risiti ni mali: mkirudi nyumbani inaonyesha mlibadilisha kwa kiwango gani, na hakuna atakayesema mlikula kwenye chenji.

Kumbukeni pia ukubwa wa bunda. Shilingi 120,000 za kwetu ni noti 120 za elfu moja. Uganda noti kubwa ni ya 50,000, kwa hivyo zile 3,360,000 ni noti 67 na kitu. Lakini Tanzania noti kubwa ni ya 10,000. Tuseme kiwango ni 20: mtapata shilingi 2,400,000, na hizo ni noti 240. Bunda limekuwa maradufu! Kile kimfuko mlichoshona kwa pesa za Kenya hakitatosha, na wengi hujikuta wamesimama barabarani wakihangaika mahali pa kuficha. Fikirieni hilo mkiwa nyumbani.

Na msibakize pesa za ng'ambo nyingi nyumbani, wala pesa zetu kwa rafiki ng'ambo, mkisema ni akiba. Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya, na ile noti ya zamani ya elfu moja ikaacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba. Katikati ya mwaka huohuo, ubadilishaji wa noti za Kenya ulisitishwa na benki kuu za Tanzania na Uganda. Waliokuwa wameweka noti zetu upande wa pili walipata taabu. Serikali ya nchi hubadilisha noti zake ikitaka, na habari humfikia mgeni mwisho.

Wanaobeba dola nao wajue mambo mawili. Noti za dola zilizochanika, zilizoandikwa kalamu ama za miaka ya zamani mara nyingi hukataliwa au hupewa bei ya chini. Na Tanzania, tangu mwaka 2025, ni marufuku kuuziana bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni. Badilisheni kwanza.

Njia kubwa na njia za panya

Tunajua, na ninyi mnajua, kwamba kuna njia za panya. Mwenye bodaboda anakwambia, "Nitakupitisha nyuma, dakika tano tu." Kuhusu ushuru wengine watazungumza. Sisi tunazungumza juu ya pesa. Ukipita njia hiyo, kila atakayekusimamisha anajua mambo mawili: una pesa, na huwezi kwenda kushtaki. Ukiibiwa, utamwambia polisi ulikuwa wapi?

Kwenye njia kubwa, Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mizigo ya asili ya Afrika Mashariki isiyozidi thamani ya dola 2,000 ina utaratibu rahisi wa cheti, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kama ninyi. Ulizeni pale forodhani. Muwe pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kila karatasi unayokosa ni mlango wa mtu kukuomba kitu kidogo, na kitu kidogo hakina risiti ya kuwaonyesha wenzako.

Ikitokea vikundi vimeungana na pesa ni nyingi, sheria ya Kenya yataka anayevuka na fedha za thamani ya dola 10,000 au zaidi azitangaze forodhani. Kutangaza si kosa. Kuficha ndiko kosa, na pesa zinaweza kushikwa.

Njiani na sokoni

Pesa za nauli na chai ziwe mahali pepesi kufikia. Zile kubwa zikae mwilini, ndani ya nguo, kwa kimfuko kilichoshonwa, na zigawanywe kati ya hao wawili. Usizitoe mbele ya watu sokoni. Kabla ya kwenda kwa muuzaji, ingieni mahali pa faragha mtoe kiasi cha kununulia tu.

Kwenye basi msipokee pipi, biskuti wala soda kutoka kwa msiyemjua. Watu wamewekewa dawa wakaamka mwisho wa safari bila chochote. Kukataa kwa heshima si utovu wa adabu. Na msizungumze juu ya mzigo na bei kwa simu kwa sauti kubwa. Basi zima linasikia.

Zikipotea

Hata mtu mwangalifu huibiwa. Jambo hilo likitokea, fanyeni haya siku hiyohiyo. Mpigieni mweka hazina mara moja, msingoje mpaka mfike nyumbani mkitafuta maneno. Nendeni kituo cha polisi cha pale palipotokea, mwandikishe, na mpewe karatasi. Simu ikiwa imeibiwa, laini ifungwe kwa simu ya mwenzako. Usiku huo andikeni yote: saa, mahali, kiasi kilichopotea na kilichobaki.

Na sisi tulio nyumbani, tuwe na kazi yetu. Tukipata habari hiyo, neno la kwanza liwe, "Mko salama?" Daftari litafunguliwa baadaye, risiti zitaangaliwa, na ukweli utajulikana.

Basi ombi letu ni moja. Mkutano wenu ujao, kabla ya safari nyingine, chukueni ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni nani wanasafiri, pesa zinahesabiwa vipi, sehemu gani inakwenda kwa simu, zinabadilishwa wapi, na zikiibwa itakuwaje. Someni kwa sauti, kila mtu asikie, na mtie sahihi. Kisha yule mama mwenye mkoba aende Busia ama Namanga akijua kwamba kikundi kizima kinamlinda.

Sasa karibuni kwa maswali.