Uhifadhi wa Mabehewa ya Abiria Yaliyostaafu: Kazi Ianzie Ndani

Yafuatayo ni maelezo ya mada iliyowasilishwa mbele ya watendaji wa kata, walimu wa Historia na wastaafu wa reli kutoka kata zinazopitiwa na Reli ya Kati.



Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ni hatua ambayo kila Mtanzania ana haki ya kujivunia. Hata hivyo, kila hatua ya mbele huacha kitu nyuma. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Behewa la reli ya zamani haliwezi kupita juu ya reli mpya likiwa na magurudumu yake. Njia ya zamani ingali inafanya kazi, lakini mabehewa yake yanazeeka, na yanapoondolewa kazini husukumwa kwenye njia za pembeni za stesheni na karakana, yakangoja uamuzi.

Uamuzi huo mara nyingi huwa mmoja kati ya miwili: kuuzwa kama chuma chakavu, au kugeuzwa kuwa stoo, ofisi ama mgahawa. Katika njia zote mbili, kitu cha kwanza kuondoka ni vilivyomo ndani: viti, vitanda, mbao za kuta, rafu za mizigo, beseni za kunawia, vitasa na vibao vya maandishi. Mada hii inahusu vitu hivyo. Bodi la behewa likipata kutu linaweza kuungwa na fundi mahiri hata baada ya miaka mingi. Mambo ya ndani yakishatawanyika, hakuna fundi wa kuyarudisha.

Kwa nini vilivyomo ndani

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, limehifadhiwa behewa lililotumiwa na Charles Ryall, mkuu wa polisi wa Reli ya Uganda. Mwezi Juni 1900, Ryall alilala katika behewa hilo kwenye stesheni ya Kima, akikusudia kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Walikuwa watatu ndani: Ryall kwenye kiti cha kulalia akiwa zamu, mwenzake mmoja kitanda cha juu, na mwingine sakafuni. Usingizi ukamshinda aliyekuwa zamu. Kwa mujibu wa maelezo ya J. H. Patterson, aliyechapisha kitabu chake juu ya simba wa Tsavo mwaka 1907, behewa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja na mlango wake wa kuteleza ulikuwa wazi. Simba alipoingia, uzito wake ukalizidisha behewa kuinama. Mlango ukateleza na kujifunga nyuma yake. Njia ya kutokea ikabaki dirisha, na simba akatoka humo akiwa na Ryall kinywani.

Kila sehemu ya mkasa huo inategemea kifaa cha ndani: kiti, kitanda cha juu, nafasi finyu ya sakafu, mlango wa kuteleza, dirisha. Behewa lililovuliwa vitu hivyo lisingeweza kumweleza mgeni jambo lolote juu ya usiku ule. Lingekuwa boksi refu lenye kibao ukutani.

Uingereza nako kuna funzo. Behewa la Malkia Victoria, ambalo leo limo katika Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York, lilitengenezwa mwaka 1869 likiwa mabehewa mawili yaliyoungana kwa njia ya kupitia. Kampuni ya reli ilipotaka kumtengenezea treni mpya, Malkia hakukubali kuachana na vyumba alivyovizoea. Mwaka 1895 mafundi wakayaunganisha mabodi hayo mawili juu ya fremu moja mpya yenye magurudumu kumi na mawili. Chini palibadilika, ndani pakabaki palivyokuwa. Ndiyo maana hadi leo hariri na samani za karne ya 19 zinaonekana mahali pake.

Daraja la tatu lisisahauliwe

Mfano wa Malkia unaonyesha pia upungufu mmoja wa uhifadhi wa reli duniani. Kilichohifadhiwa kwa urahisi ni cha wakubwa. Makumbusho ya Reli ya Bulawayo yana behewa binafsi la Cecil Rhodes. Vichwa vya treni navyo hupata wapenzi wengi. Kati ya vichwa 34 vikubwa vya mvuke vya daraja la 59, vilivyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki na kupewa majina ya milima, viwili vimesalia, na vyote viko Nairobi. Majina yake ni Mount Gelai na Mount Shengena, yaani milima miwili ya Tanzania. Lakini behewa la daraja la tatu, lililobeba umati, nani amelitunza likiwa kamili na mabenchi yake?

Enzi za ukoloni, madaraja ya treni yalifuata rangi za watu kwa kiasi kikubwa: Wazungu daraja la kwanza, Waasia la pili, Waafrika la tatu. Katika mabenchi ya daraja la tatu walisafiri vijana wa Kigoma waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Baada ya Uhuru walisafiri humo wanafunzi waliopangiwa shule za mbali, askari waliokwenda likizo, wagonjwa waliopelekwa hospitali kubwa, na mama wenye mizigo ya dagaa na mchele. Mwanafunzi wa leo akiambiwa habari za ubaguzi wa madaraja, atasikia neno. Akiketi kwenye benchi la daraja la tatu, kisha akaonyeshwa chumba cha daraja la kwanza chenye vitanda viwili na beseni la kunawia, atapima mwenyewe tofauti hiyo.

Lipo pia dirisha. Madirisha ya mabehewa ya zamani hufunguliwa, na kwa miaka mingi dirisha hilo lilikuwa soko. Treni iliposimama, abiria alinunua kuku, mayai, ndizi na asali bila kushuka, na familia nyingi za kando ya reli zilisomesha watoto kwa biashara hiyo. Treni mpya hupoza hewa yake, na madirisha yake hayafunguliwi na abiria. Kipande cha ubao kilichotumika kukazia dirisha usiku ili mwizi asiingize mkono hakina bei sokoni, na ndicho cha kwanza kutupwa. Kumbe kinaeleza safari ya usiku kuliko kurasa nyingi za maandishi.

Maadui wa behewa lililosimama

Behewa linalotembea hukaguliwa. Behewa lililosimama husahauliwa, na hapo maadui watatu huingia.

Wa kwanza ni maji. Tundu dogo la paa hupitisha maji kati ya bati la nje na dari ya ndani, mahali pasipoonekana. Chuma huliwa na kutu upande wa ndani, mbao za kuta hufura, na sakafu huanza kuoza kwenye pembe za milango na vyoo. Inapoonekana rangi imebabuka, madhara yamekwisha kufika mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa behewa, ufa huo uko juu ya paa.

Wa pili ni mchwa na jua. Mchwa hupanda kupitia majani na taka zilizorundikana chini ya behewa. Jua hukausha vanishi, hupasua mbao na kuvifanya vitambaa vya viti vichanike vikiguswa.

Wa tatu ni mikono ya binadamu, na si ya wezi peke yao. Mwizi hung'oa shaba na alumini. Mwenye nia njema naye hupaka rangi mpya juu ya ya zamani, hufuta namba, hutupa kiti kilichochanika na kuweka cha plastiki. Tabaka za rangi za zamani ni kumbukumbu: fundi mwenye subira akikwangua sehemu ndogo, huzisoma rangi za kila kipindi, kutoka Reli za Tanganyika, hadi umoja wa reli za Afrika Mashariki ulioundwa mwaka 1948, hadi shirika la taifa lililofuata umoja huo ulipovunjika mwaka 1977. Akipita mtu na msasa siku moja, kumbukumbu hiyo yote huwa vumbi.

Vumbi hilo lenyewe ni hatari. Mabehewa mengi ya katikati ya karne ya 20 duniani yalijazwa asbesto kati ya kuta ili kuzuia joto, na rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo wanafunzi au vijana wa kujitolea wasipewe kazi ya kusugua wala kubomoa behewa kabla mtaalamu wa usalama na afya mahali pa kazi hajalikagua. Nia njema haiwezi kuponya mapafu yaliyoharibika.

Yanayowezekana ngazi ya wilaya

Ni kweli kwamba fedha za Halmashauri zina wenyewe: maji, zahanati, madarasa, barabara za vijijini. Hakuna anayependekeza zahanati isubiri ili behewa lipakwe vanishi. Lakini kazi ya kwanza ya uhifadhi ina gharama ndogo sana, na ndiyo isiyoweza kucheleweshwa.

Kwanza, mali ijulikane ni ya nani. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ililiunda Shirika la Reli Tanzania, na mabehewa ya njia hii ni mali yake. Kijiji au kata haina mamlaka ya kuligusa behewa hata likiwa limeota majani. Inachoweza kufanya ni kuandika barua kupitia Halmashauri, kueleza behewa liko wapi, lina namba gani na wananchi wanapendekeza nini. Mwenye mali asiyejua kwamba kitu kinathaminiwa hana sababu ya kukizuia kisiuzwe.

Pili, wananchi wasidhani sheria tayari inalilinda behewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavipa ulinzi wa moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Reli yote ya nchi hii ni changa kuliko tarehe hiyo. Behewa halipati ulinzi kwa umri wake, linahitaji kuombewa.

Tatu, orodha ifanyike kabla kitu chochote hakijaondolewa. Kwa ruhusa ya mwenye mali, Afisa Utamaduni na mwalimu wa Historia wanaweza kuifanya kwa daftari, futi kamba na simu yenye kamera. Kila chumba kipigwe picha kutoka pembe zote nne. Kila kifaa kipewe namba ya karatasi na kuandikwa mahali kilipokuwa. Kibao cha mtengenezaji kinakiliwe. Kisha waalikwe wastaafu: gadi, mkaguzi wa tiketi, mhudumu wa vitanda, mpishi wa behewa la mgahawa. Wazee hao waeleze wakiwa ndani, mkono ukigusa kitu chenyewe. Hii ni akiba inayopungua kila msiba unapotokea, na haina karakana ya kuitengeneza upya.

Nne, lichaguliwe moja. Behewa moja la daraja la tatu lililo kamili lina faida kuliko kumi matupu. Kwa hilo moja, paa lizibwe kwanza, majani yafyekwe, na ikiwezekana kijengwe kibanda cha mabati juu yake. Milango ifungwe, lakini matundu ya hewa yaachwe. Kupaka rangi kuje mwisho.

Tano, behewa likitumika, mabadiliko yawe ya kurudishika. Wapo watakaotaka maktaba au mgahawa, na matumizi ni jambo jema, kwa kuwa jengo linalotumika hutunzwa. Basi itafutwe kwanza behewa ambalo ndani yake pamekwisha kuharibika, nalo ndilo ligeuzwe. Pale inapobidi kuondoa benchi katika behewa zima, lifunguliwe skurubu badala ya kukatwa, lipewe namba na litunzwe mahali pakavu. Ubao mpya uwekwe alama na mwaka upande wa nyuma, ili atakayekuja baadaye atofautishe cha asili na cha nyongeza.

Hitimisho

Ndugu wananchi, mnunuzi wa chuma chakavu hulipima behewa kwa kilo. Katika mzani huo, benchi la mbao halina uzito, kibao cha daraja hakina uzito, na dirisha lililosomesha watoto wa stesheni halina uzito. Vitu hivyo vina thamani kwa wale tu waliosafiri navyo na kwa watoto wao, na iwapo hao hawatasema, hakuna mwingine atakayesema kwa niaba yao.

Watendaji wa kata zinazopitiwa na reli wanaombwa kuanza na jambo moja: kutembelea stesheni zilizo katika maeneo yao, kuhesabu mabehewa yaliyosimama, kuandika namba zake, na kuwasilisha taarifa hiyo kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya pamoja na majina ya wastaafu wa reli walio tayari kuzungumza. Wasisubiri bajeti, kazi hiyo inahitaji kalamu, na ifanyike kabla ya mvua.