Asili ya Majina ya Mahali Petu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya asili ya majina ya mahali katika nchi yetu ya Kenya. Huenda mtu akauliza: chama cha kusaidiana kina haja gani na majina, hali tuna karo za watoto na gharama za mazishi? Najibu kwamba jina la mahali ni urithi kama shamba lilivyo urithi, na urithi usiotunzwa huwapotea warithi.

Tuanze na jina la nchi yenyewe. Mwaka 1849 Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, akiwa Ukambani, aliuona mlima mrefu wenye theluji, akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, ambao huuita Kiinyaa. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Hivyo ndivyo lilivyopatikana jina la Kenya, na mwaka 1920 likawa jina la koloni zima. Kadhalika Machakos asili yake ni Masaku, mzee mashuhuri wa Kikamba. Wageni waliligeuza katika kuandika, lakini wenyewe hata leo husema Masaku.

Sasa tuyatazame majina ya Kimaasai. Nairobi maana yake ni baridi, kwa ajili ya maji yake. Naivasha ni maji yachafukayo kwa mawimbi. Mfugaji hutazama maji kwanza, basi majina yake humwelekeza mchungaji. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika nchi ya Naivasha, na kwa yale ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia. Watu walihamishwa, majina yakabaki.

Yako pia majina yaliyobandikwa. Kisumu iliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi wa reli iliyofika huko mwaka 1901. Murang'a iliitwa Fort Hall, kwa jina la ofisa Mwingereza. Majina hayo yaliandikwa katika ramani, wala hayakudumu, kwa kuwa yale ya asili yalikuwa hai vinywani mwa watu.

Mombasa nayo huitwa Mvita. Wengine husema ni kwa sababu ya vita vingi vilivyopiganwa kisiwani. Wengine humtaja Shehe Mvita, mtawala wa kale. Hekima ni kuyahifadhi masimulizi yote mawili, si kulifuta moja ili lingine lishinde.

Wazee wangu, hapa pana jambo zito. Wako watu walishikao jina la mahali kama hati ya shamba, wakamwambia jirani: “Jina hili ni la lugha yetu, wewe ondoka.” Hilo silo. Jina ni shahidi, si hati. Hushuhudia nani alipita, aliwanyweshea wapi ng'ombe wake, na alimheshimu nani. Kama nchi hii ingegawanywa kwa majina, ni wangapi kati yetu wangelala leo walipolala jana?

Nairobi na Kisumu hazina hofu ya kusahauliwa. Hofu yangu ni majina madogo: ya vijito, vilima, chemchemi na malisho, ambayo hayamo katika ramani yoyote, na ambayo vijana wetu waliozaliwa mijini hawajapata kuyasikia.

Kwa hiyo naleta shauri moja. Kila tawi linunue daftari. Katibu awaendee wazee, aandike kila jina kama wanavyolitamka wenyeji, pamoja na maana yake na mzee aliyelieleza. Wazee wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu moja, na faida yake wataiona wajukuu.