Breki, Mafuta na Upepo: Msamiati wa Gereji katika Barabara za Mara



Mijadala ya istilahi za ufundi imezoea kuyalaumu maneno ya kukopa. Husemwa kwamba breki, pistoni na kalipa ni mageni, na kwa hiyo hayaeleweki. Mhadhara huu unadai kinyume chake: katika kazi ya kubadilisha kalipa za breki, maneno yawezayo kumpoteza mwanagenzi ni yale ya Kibantu aliyoyajua tangu utotoni.

Katika barabara ya Musoma hadi Bunda, yenye njia panda ya kuendea Butiama, fundi aweza kuwa Mjita, dereva Mkurya na mwenye gari Mzanaki. Kazi yao huenda kwa Kiswahili. Hapo neno kalipa halina utata: ni kifaa kinachoikumbatia diski na kuzibana pedi ili gurudumu lisimame. (Nje ya gereji, “fundi kalipa” ni sentensi kamili, na huenda ikawafurahisha wenye madeni, muktadha huitenga.)

Neno mafuta ni jambo jingine. Hutaja yale ya kupikia, ya taa, ya injini, hata petroli. Mwanagenzi akiambiwa “ongeza mafuta” baada ya kufunga kalipa mpya, akamimina ya injini katika kikopo cha breki, raba za mfumo huvimba na breki huharibika. Kinachotakiwa huandikwa DOT 3 au DOT 4 juu ya chupa, kama mtengenezaji wa gari alivyoagiza. Wanaistilahi wangependekeza “kiowevu cha breki”. Ni sahihi, lakini dukani hakuna akiulizaye. “Mafuta ya breki” yanatosha, mradi kivumishi hicho kisidondoshwe kamwe.

Upepo ni mgumu zaidi. Darasani ni hewa iendayo. Gerejini ni hewa iliyofungiwa. Tairi huutaka, breki huukataa, kwa kuwa hewa hubanika na pedali huzama kabla nguvu haijafika kwenye pistoni. Ndiyo maana kalipa ikishabadilishwa sharti upepo utolewe: mmoja hukanyaga pedali, mwingine hufungua kitundu kidogo cha kalipa, kisha hukifunga kabla pedali haijaachiwa. Kalipa ya kushoto na ya kulia hufanana mno. Zikibadilishana pande, mara nyingi kitundu hukaa chini, na hewa, kwa wepesi wake, hubaki juu. Watu wawili waweza kushinda kutwa wakikanyaga na kufungua, mafuta yakatoka masafi, na breki ikabaki laini.

Kitenzi “toa” hakibebi habari hiyo. Kamusi ya ufundi ikiingiza “kutoa upepo”, fasili yake haina budi kutaja kwamba kitundu huelekea juu. Bila hivyo, fasili itakuwa fasaha na gari halitasimama.