MLANGO WA BEHEWA: MANENO KWA WAKULIMA WA USAMBARA

Hotuba hii ilisomwa Lushoto mbele ya wanachama na wakulima waliokusanyika. Tunaichapa kama ilivyosemwa.



Mlipotuita tuje tuseme habari za reli, bila shaka wengi wenu mlidhani tutakuja kudai treni nyingi zaidi. La. Leo tumekuja kusema habari za mlango. Msicheke. Mkulima wa Lukozi au wa Mlalo hutoa jasho miezi mitatu, kisha mali yake yote ikapita katika mlango mmoja wa behewa kwa muda wa saa moja. Hasara ikitaka kuingia, huingia katika saa hiyo hiyo.

Kwanza tukumbushane njia yenyewe. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikupanda mlimani. Ilipita bondeni palipokuwa na mashamba makubwa, na sisi wa juu tukaachiwa kazi ya kushuka. Hata kule Shume walitundika kamba ya chuma ya kuteremshia magogo ya miangati mpaka Mkumbara. Gogo likapata njia yake ya angani, na mwenye shamba la mahindi akaendelea kubeba kichwani. Tena reli ya Mombo kwa miaka mingi haikuungana na Reli ya Kati. Kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, kilichoziunganisha hata mzigo ukaweza kwenda Dar es Salaam bila kupanda meli, kilifunguliwa mwaka 1963, Uhuru umekwisha patikana. Baadaye njia ikachakaa, ikanyamaza, na mwaka 2019 treni zikarudishwa.

Ndiyo maana wananchi wanauliza: je, mazao yetu yasishuke kwa barabara ya Soni mpaka Mombo, yakapandishwa behewani, badala ya kumtegemea mwenye lori na bei zake na lumbesa yake? Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa kwenda kuutazama mlango.

Mlango wa nyumba huzunguka kwa bawaba. Mlango wa namna hiyo ukiwekwa kwenye behewa, ukiufungua stesheni utagonga jukwaa, na ukisahauliwa wazi njiani utapiga nguzo, au mtu, au treni ya njia ya pili. Waingereza kwao walitumia sana milango ya bawaba katika mabehewa yao madogo, basi kila nchi na desturi yake. Lakini behewa kubwa la kufunikwa, kwa kawaida, hupewa mlango wa kusukuma kando. Mlango huo hulala bapa juu ya ubavu wa behewa, hauchukui nafasi, na makuli wanaweza kupakia hata pale penye nafasi finyu.

Namna yake ni mbili. Ya kwanza, mlango huning'inia kwa vigurudumu juu ya chuma kilichopigwa ukingoni mwa paa, na chini hushikwa na kulabu ili usipepee nje. Ya pili, uzito wote hukaa juu ya vigurudumu vya chini, vinavyotembea katika reli ndogo iliyo sawa na sakafu. Ya chini ina adui mmoja: uchafu. Maharage yaliyomwagika, matope ya viatu, nyuzi za katani, vyote hujaa katika reli ile, vigurudumu vikakwama. Ya juu ni safi zaidi, lakini vining'inizo vikilika au kizuizi cha mwisho kikipotea, mlango mzima huanguka. Na mlango wa chuma haudakwi na mtu.

Sisi tuliiona hiyo kwa macho yetu. Miaka ya 1980 tulikuwa tukipakia katika stesheni moja ya bondeni ambayo hatuitaji jina. Mlango ulikwama. Hakukuwa na grisi wala fundi, tukaleta mtaimbo, watu wanne tukaubinua kwa chini. Gurudumu la mbele likatoka katika chuma chake, mlango ukaning'inia kwa jicho moja, kisha ukashuka. Mwenzetu mmoja alipoteza vidole viwili vya mguu. Aliyetusimamia akauliza kwanza kama gunia limepasuka. Tangu siku hiyo hatukubali kusikia mtu akisema mlango ni kitu kidogo.

Huko Marekani kanuni za usalama wa reli zinakataza kulitumia behewa la mizigo ambalo milango yake ya ubavuni haina vining'inizo vinavyofanya kazi, au kitu kingine cha namna hiyo cha kuizuia isichomoke. Hiyo si anasa ya matajiri, ndugu zangu. Kutazama vigurudumu vinne ni kazi ya dakika mbili.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe. Treni ikifunga breki au ikiingia kona, magunia husogea. Yakiuelemea mlango kwa ndani, hautafunguka kwa kusukumwa, na ukifunguka kwa nguvu yatawaangukia walio chini. Marekani na Kanada walipokuwa wakisafirisha ngano tupu isiyo na magunia ndani ya mabehewa ya milango ya kusukuma, walipigilia mbao ndani ya mlango ili nafaka isiusukume wala isivuje, na mbao zile zikawa gharama kubwa mpaka walipohamia mabehewa ya kumwaga kwa chini. Kwetu sisi yatosha kuacha nafasi nyuma ya mlango na kukaza mbao mbili au tatu za kukingama. Mwenye haraka ya kujaza mpaka mlangoni atailipia haraka yake mwisho wa safari.

Tena kuna komeo. Komeo hupita katika tumbuu, pini huteremshwa, na juu yake hutiwa lakiri: waya na kipande cha risasi kilichobanwa kwa koleo, chenye namba au alama. Watu wengi hudhani lakiri ni kufuli. Si kufuli. Mwizi aweza kuikata kwa mkasi. Lakiri ni shahidi. Kazi yake ni kusema kama mlango ulifunguliwa njiani au haukufunguliwa. Lakini shahidi huyo atakufaa nini kama hukumwandika jina? Yatupasa mjumbe wetu awepo Mombo mlango unapofungwa, aandike namba ya behewa na ya lakiri katika daftari letu sisi wenyewe, wala si katika daftari la stesheni tu, na namba hizo zimfikie kwa simu mpokeaji kabla hajaukaribia mlango. Bila hivyo gunia likipungua, kila mtu atanyoosha kidole kwa mwenzake na mkulima ndiye atakayebaki na deni.

Na joto? Hapa lazima tuseme kweli hata kama haipendezi. Lushoto kuna baridi, Mombo ni tanuri. Behewa la chuma lililofungwa, likiachwa juani siku mbili, hupika. Uko mlango wa namna nyingine, ambao hujipachika ndani ya nafasi yake kama kizibo na kubana kwa mpira. Kuufungua hutolewa nje kwanza ndipo husukumwa kando. Huo ndio unaofaa mabehewa ya baridi, na ndio ulioenea Marekani kwa matunda na vyakula. Behewa la kawaida si hilo. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: nyanya na kabichi zisipande behewa la kawaida asilani, ziachiwe lori la usiku. Maharage, chai na mbao zaweza kwenda. Viazi tu, kama behewa lina matundu ya hewa na treni haikai njiani. Na chai isifuate behewa lililobeba samaki au mafuta, kwani hunywa harufu upesi.

Wako watakaotuambia tumewavunja moyo wenye nyanya. Heri kuvunja moyo leo kuliko kupeleka matenga mia mbili ya uji mjini.

Jumatatu tunashuka Mombo watu sita kuomba ruhusa ya kuona mabehewa. Tutapima upana wa mlango, tutausukuma kwa mikono miwili tuone kama unakwenda, tutatazama vigurudumu na sakafu. Mwenye futi kamba ndefu atuazime. Mwenye gunia la maharage lililojaa sawasawa, lisilo lumbesa, naye alete, tulipitishe mlangoni.