Kituo Kisicho na Jengo: Njia Nyingine ya Kuitembea Nairobi



Matembezi ya kihistoria yanayouzwa Nairobi kwa kawaida hufuata mawe. Huanzia stesheni ya reli, kwa kuwa mji wenyewe ulizaliwa reli ilipofika hapa mwaka 1899, hupitia mabenki ya zamani na hoteli za masetla, kisha humalizikia juu ya jumba la mikutano la KICC kwa picha. Sina ugomvi na mawe. Ila mgeni akionyeshwa majengo peke yake, atasikia habari za waliokuwa na fedha za kujenga. Waliobadili mambo katika mji huu kwa kusimama barabarani, kuketi chini na kukataa kuondoka, hao atawapita bila kujua. Napendekeza njia ya saa tatu hivi ambayo vituo vyake vikuu ni mahali watu walipokusanyika, hata kama leo pale hakuna cha kupigwa picha.

Tuanzie Moi Avenue, kwenye sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka 2011 karibu na mahali alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mkabala kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na ndani yake sehemu ya hazina ya sanaa na vitabu ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Wengi wetu waongozaji humwingiza mgeni humo kwa saa nzima. Dakika ishirini zinatosha. Njia bado ni ndefu.

Barabara ya Banda ina majirani wawili wanaostahili kuonyeshwa pamoja. Msikiti wa Jamia ulijengwa kati ya 1925 na 1933, na Maktaba ya McMillan ikafunguliwa mwaka 1931, ikiwa na nguzo zake za mawe na simba wawili mlangoni. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mgeni akitaka kuelewa ubaguzi wa Nairobi ya zamani, mwambie tu kwamba kitabu nacho kilikuwa na mlango wa rangi moja.

Kutoka hapo tunaingia Muindi Mbingu Street kuelekea City Market. Wageni hukimbilia vinyago na maua. Tusimame kwanza nje, tueleze jina lililo kwenye kibao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kikiwasubiri ng'ombe hao. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikuja Nairobi wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana. Walikaa kwa majuma. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ukasitishwa. Walishinda kwa kuketi tu. Wanafunzi wa shule wanaipenda sana habari hii, pengine kwa sababu haina risasi.

Bustani ya Jeevanjee tuipite kwa mguu mwepesi. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliwapa wakazi bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 palipotokea mpango wa kujenga juu yake, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, na bustani ikabaki. Hadi leo watu huja hapo kujadili siasa chini ya miti, na mgeni anayejua Kiswahili akisimama nao kidogo atafaidi kuliko maelezo yetu yote.

Sasa tunafika mahali ambapo njia hii inasimama au inaanguka: kona ya chuo kikuu na Harry Thuku Road. Hoteli ya Norfolk iko palepale tangu sikukuu ya Krismasi ya 1904, na hadithi zake za wawindaji mnazijua. Mwalike mgeni aipe hoteli mgongo. Tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku, karani wa simu aliyeongoza East African Association, alikamatwa kwa kupinga kitambulisho cha kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alimofungiwa, na kufikia tarehe 16 walikuwa maelfu. Wazee walioingia kuzungumza na wakubwa walitoka wakiwaomba watu warudi makwao. Wanaume wakaanza kutawanyika. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwemo. Wengine waliohesabu walisema ni zaidi.

Nimesikia waongozaji wakiruka kitendo cha Nyanjiru mbele ya wanafunzi, eti ni aibu. Bila kitendo hicho umati ungekwenda nyumbani, kwa hiyo anayekiruka ameruka tukio zima. Tena barabara imepewa jina la Thuku. Nyanjiru anategemea mdomo wetu.

Tukirudi Kenyatta Avenue, Kipande House inakuwa na maana. Jengo ni la 1913, na ndimo Waafrika walimoandikishwa na kupewa kile kipande alichokipinga Thuku, karatasi ya kuvaliwa shingoni ndani ya kisanduku cha chuma. Leo ni tawi la benki. Katika barabara hiyohiyo kuna sanamu tatu za mwaka 1928 za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zikiwa na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na hapo hawana jina hata moja.

Mwisho wa barabara hiyo kuna Nyayo House. Ghorofani watu wanapanga foleni ya pasipoti. Chini kuna vyumba ambamo katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa, wengine wakifungiwa ndani ya maji. Vyumba hivyo vilionyeshwa kwa umma mwaka 2003, na mahakama imewapa fidia wengi walionusurika. Tusimame nje, kamera zikiwa mfukoni ili tusigombane na walinzi.

Kisha tuvuke Uhuru Highway hadi Freedom Corner, kwenye Uhuru Park ambayo Wangari Maathai aliikinga na jengo la ghorofa 60 mwaka 1989. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi hapa wakigoma kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga kwa rungu na gesi ya machozi, Maathai akazirai, na baadhi ya wale wazee wa kike wakavua nguo mbele ya askari. Baina yao na Nyanjiru kuna miaka 70 na mwendo wa dakika ishirini. Hiyo ndiyo sababu ya kufuata njia hii kwa miguu: basi la watalii lingemshusha mgeni hapa akiwa bado hajasahau kiyoyozi, asiuone ukaribu huo. Akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints lililo jirani, wakakaa humo karibu mwaka mzima hadi wana wao wakaachiliwa.

Kuhusu utekelezaji, nashauri Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla wachuuzi na magari hawajajaa, kundi lisizidi watu kumi na wawili ili wasikie bila kipaza sauti. Ijumaa tuache kwa sababu ya swala ya Jamia, na Jumapili Hifadhi ya Nyaraka hufungwa.

Limebaki suala la malipo, ambalo naomba tulijadili mchana. Wapo wazee walioshuhudia mambo ya Nyayo House na Freedom Corner, na baadhi yao wako tayari kuja kuzungumza na wageni. Hadi sasa tumekuwa tukiwapa nauli na chai. Naona walipwe sehemu ya ada iliyotajwa wazi kwenye tiketi, na ikatwe kabla ya faida ya mwandaaji.