Kasia la Mvuvi
Tukumbushane asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipoanguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. Waliookoka ni 24, na 19 wakafariki. Waliotangulia kuwafikia ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao. Na wananchi wakashika kamba kuivuta ndege kuelekea ufukoni. Hawakungoja zana zilizo bora, wala hawakuuliza dini ya mtu. Basi tusidharau kazi ya mja yeyote, wala tusiseme hatuna cha kusaidia. Aliye karibu ndiye mwenye amana. Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki, na atujaalie moyo wa wavuvi wale. Amin.